Pumzi na Njia Yake

Mama alirudi Cheptiret kutoka hospitalini akiwa na mshono tumboni, dawa ndani ya bahasha ya kaki, na maneno mawili aliyoambiwa asiyasahau: shingo ngumu. "Walisema shingo yangu ni ngumu," alituambia jioni ile akinywa chai. Tulicheka. Katika Kiswahili, na katika Biblia anayoisoma kila siku, mtu wa shingo ngumu ni mkaidi, asiyesikia la mkuu wala la mdogo. Wajukuu wakalidaka. Kogo, yaani bibi yao, akikataa kuvaa sweta, ni shingo ngumu. Akikataa kuuza ng'ombe mzee, ni shingo ngumu. Miaka sita neno lile likaishi nasi kama utani wa nyumbani, na ndani yake ilikuwa imelala habari ambayo ingeweza kumuua.

Nafundisha Kiswahili. Maneno ndiyo kazi yangu, na haya mawili yalinipita.

Yaliamka siku rovu lake lilipoanza kumbana. Rovu ni neno ambalo wanafunzi wangu hawalijui tena. Wao husema goita. Ni uvimbe wa tezi ya shingo, na wazee wengi wa nyanda hizi za juu wanao, kwa sababu mvua za karne nyingi zimeyaosha madini joto kwenye udongo wa milimani na kuyapeleka baharini. Kenya ilipoifanya chumvi yenye madini joto kuwa sharti la sheria mwaka 1978, mama alikuwa tayari mtu mzima na rovu lake limeshakaa. Alilibeba miaka yote bila malalamiko, amelifunika kwa leso. Kisha akaanza kuamka usiku akitafuta hewa, na akilala chali pumzi ilikuwa ikipiga mluzi kooni. Tukampeleka Eldoret, wakasema litolewe.

Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji alikuja kijana mmoja wa idara ya usingizi, akavuta kiti, akakaa. Nilimpenda kwa kile kitendo cha kukaa.

"Mama, umewahi kulazwa usingizi?"

"Ndiyo, kijana wangu. Walinipasua tumbo."

"Kulikuwa na shida yoyote?"

"Hapana. Walisema tu shingo yangu ni ngumu."

Kalamu ikasimama. Akainua macho, akamtazama mama shingoni, kisha akanitazama mimi. "Walisema hivyo hivyo? Au walisema ilikuwa vigumu kuingiza paipu?" Sikuwa na jibu. Mama naye hakuwa nalo. Yeye alikuwa amebeba kwa uaminifu kile alichopewa.

Nilipomuuliza muuguzi kesho yake kwa nini upasuaji umesogezwa siku mbili, alinijibu, "Wanataka kwanza kumpima pumzi." Ndani ya siku hizo mbili mama alifanyiwa mambo mengi yasiyofanana hata kidogo. Alipuliza ndani ya bomba la plastiki mpaka akaona nyota. Alifungua kinywa, mtu akachungulia kwa tochi bila kusema neno. Aliambiwa aume mdomo wake wa juu. Alipimwa kwa vidole kutoka kidevuni hadi kwenye zoloto. Alilazwa chali, akainuliwa, akalazwa tena. Na kila nilipouliza, jibu lilikuwa lile lile: wanampima pumzi. Hapo ndipo mwalimu ndani yangu alipoamka, kwa kuchelewa. Vipimo vile vilikuwa vya vitu viwili mbalimbali, na vyote tulikuwa tumevivika jina moja.

Pumzi ni neno lenye ukoo mkubwa. Anayepumua ana pumzi. Aliyechoka hupumzika, yaani huirudisha pumzi yake mahali pake. Anayebanwa kifua ana pumu. Karibu na ukoo huu umejenga mwingine uliokuja na Kiarabu. Tunasema roho, na ukisema mtu amekabwa roho humaanishi kwamba imekabwa ile sehemu yake isiyoonekana. Unasema ameshikwa koo, hewa haipiti. Tunasema nafsi, na neno nafasi limetoka kwenye shina hilo hilo, shina lenye pumzi ndani yake. Mswahili anayekuomba umpishe anasema, "Nipe nafasi." Mara nyingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba katika lugha hii kupata mahali pa kukaa na kupata pumzi ni jamaa. Sikujua kwamba ipo kazi ambamo ujamaa huo hupimwa kwa vidole, kinywani mwa mgonjwa, na kwamba humo huwa jamaa wasiopatana.

Tuanze na pumzi yenyewe. Mwaka 1846, daktari Mwingereza John Hutchinson alichapisha matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 2,000 kwa kifaa alichokibuni: chombo kilichofunikwa juu ya maji, ambacho mtu akipulizia hewa kwa mpira kinapanda, na kadiri kinavyopanda ndivyo pumzi yake ilivyo nyingi. Kile kiasi chote ambacho mtu anaweza kukitoa baada ya kuvuta mpaka mwisho akakipa jina lenye uhai ndani yake. Kwa Kiswahili ningekiita uwezo wa uhai. Aliamini kabisa kwamba kinatabiri nani ataishi na nani atatangulia, na akashauri kampuni za bima ya maisha zikitumie. Spirometa, mashine za leo za kupima pumzi, ni wajukuu wa chombo kile.

Kipo pia kipimo cha kiberiti, kilichoelezwa na Snider na wenzake mwaka 1959. Mpwa wangu anayesomea uafisa wa kliniki alimfanyia kogo wake jikoni, siku moja kabla hatujaenda Eldoret. Aliwasha njiti, akaishika sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, akasema, "Kogo, izime. Lakini usifunge midomo. Fungua kinywa wazi, kisha toa pumzi." Mama, ambaye kwa miaka 60 amewasha moto wa kuni kwa kupuliza, alikunja midomo kama kawaida na njiti ikazimika papo hapo. "Hapana, kogo. Kinywa wazi." Akajaribu. Mwali ukainama, ukarudi. Akajaribu tena. Ukainama, ukarudi, ukaifuata njiti mpaka ukakaribia vidole vya kijana. Anayeshindwa kuuzima kwa kinywa wazi huwa na kifua kisichotoa hewa kwa kasi ya kutosha, na vifua vya wanawake wetu wa jikoni vina moshi wa maisha mazima.

Nilikumbuka njiti ile nilipomsikia fundi wa spirometa akimwambia mama, "Puliza!" Hilo ni neno baya kwa kazi hii. Kupuliza kunahitaji midomo iliyokunjwa: tunapuliza moto, tunapuliza uji wa mtoto upoe, refa anapuliza kipenga. Cheptiret ipo kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, na tangu polisi waanze kutumia Alcoblow mwezi wa Desemba 2013 kila dereva hapa anajua kuambiwa apulize. (Martin Wright, Mwingereza aliyebuni kifaa cha kupima kasi ya pumzi ya wagonjwa wa pumu mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuja kubuni pia kifaa cha kupima pombe pumzini, kwa hiyo undugu upo kweli.) Lakini spirometa haitaki mpulizo. Inataka mtu avute pumzi mpaka kifua kijae, alibane bomba kwa midomo, kisha aimwage hewa yote kwa mkupuo mmoja na aendelee kuisukuma hata anapohisi imekwisha. Mama alipuliza mara tatu kama anayewasha moto na mara tatu mashine ikakataa. Nikaomba ruhusa ya kusema naye. "Mama, vuta hewa ijae mpaka mabegani. Sasa itapike." Akaitapika. Mashine ikakubali.

Ilichora mstari, na yule kijana wa usingizi akaniitia niuone. Juu ya karatasi ni pumzi inayotoka, chini ni pumzi inayoingia. Kwa mtu asiye na kizuizi, sehemu ya juu hupanda ghafla mpaka kileleni kisha ikateremka kama paa la nyumba, na ya chini huwa duara kama tumbo la chungu. Ya mama ilikuwa kilima kilichokatwa kichwa, na tumbo la chungu limebonyezwa mpaka limelala. "Hapa ndipo rovu linapomkaba," alisema, akipitisha kidole kwenye ule ubapa. Bomba la hewa likibanwa mahali pamoja pasipobadilika, pande zote mbili za mchoro hulala. Kizuizi kikiwa juu ya kifua na kikiwa laini, ni upande wa kuvuta ndio hulala. Karatasi moja ndogo, na mkono usioonekana kooni umeacha alama ya vidole.

Nilimwambia, "Kwa hiyo sasa mnajua kwamba paipu itapita kwa shida."

Akatikisa kichwa. Alichonieleza baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike.

Mchoro ule unasema jinsi pumzi inavyopita kwa mtu aliye macho. Anapumua mwenyewe, misuli ya koo imeshika ulimi mahali pake, shingo imekaa apendavyo. Akishalazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, hali hiyo huisha. Ulimi huanguka nyuma. Yeye hapumui tena, anapumulishwa. Na ili apumulishwe, mtu mwingine lazima ama ambane barakoa usoni na kumsukumia hewa, ama aone nafasi ya kupitisha paipu katikati ya ulimi, taya na zoloto mpaka ndani ya bomba la hewa. Spirometa haijawahi kuuona ulimi wake. Haijui taya lake ni fupi au refu. Wapo wanariadha wanaofanya mazoezi Kaptagat, jirani zetu, ambako Eliud Kipchoge alijinoa miaka mingi, wenye vifua ambavyo Hutchinson angevisafiria kutoka London kuja kuvipima. Mmoja wao akiwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma na kinywa kisichofunguka vizuri, mtaalamu wa usingizi atatoka jasho. Na yupo mzee anayetweta akipanda ngazi tatu ambaye paipu humwingia kama uzi kwenye tundu la sindano kubwa. Ndiyo maana madaktari hawampeleki kila mgonjwa kwenye spirometa kabla ya upasuaji. Hupelekwa mwenye dalili: rovu, uvimbe, mluzi wa kooni, kifua kibovu.

Hii haina maana kwamba pumzi haihusiki. Inahusika sana hapa petu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ina msukumo wa karibu asilimia 78 tu ya ule wa Mombasa. Mgonjwa ambaye hapumui tena akikawia kupata paipu, huishi kwa akiba iliyobaki mapafuni, na akiba hiyo huku milimani ni haba zaidi. Ndiyo sababu hupewa oksijeni tupu aivute kwa dakika chache kabla ya usingizi. Kipimo cha pumzi husema akiba ni kiasi gani, na njia itafutwe kwa haraka gani. Kuhusu njia yenyewe kinasema kidogo mno.

Njia ina vipimo vyake, na hivyo ndivyo vilikuwa vile vya kinywa, vidole na mdomo. Maarufu kuliko vyote kina jina la Seshagiri Mallampati, ambaye yeye na wenzake walikichapisha mwaka 1985 akiwa Boston. Mgonjwa anakaa wima, anafungua kinywa mpaka mwisho, anatoa ulimi wote nje, wala hasemi "aaa". Hilo la mwisho linawashinda wengi, kwa kuwa tangu utotoni daktari akisema fungua kinywa sisi tunasema aaa, na sauti huinua kaakaa na kuharibu kipimo. Mpimaji anatazama nyama ile inayoning'inia nyuma ya kinywa. Ikionekana yote, nafasi ipo. Ikiwa imefichwa na ulimi, nafasi ni ndogo. Madaraja yalikuwa matatu. Samsoon na Young wakaongeza la nne mwaka 1987.

Nyama ile tunaiitaje? Hapa nilikaa na kamusi usiku mzima. Kimio. Kilimi. Kimeo, wasemavyo wengi Tanzania. Na kidakatonge. Hili la mwisho ni neno zuri mno, linaonyesha kabisa kazi yake: kinadaka tonge. Lakini wengine wanapolitumia wanataja nyama inayoning'inia, na wengine, hasa waandishi wa vitabu vya biolojia, wanataja kile kifuniko cha chini kinachoziba zoloto tunapomeza. Kwa mlaji wa ugali tofauti hiyo haina maana. Kwa mtu wa usingizi ni tofauti ya vitu viwili vilivyo mbali: cha kwanza anakitazama kwa tochi mgonjwa akiwa macho, cha pili anakiinua kwa chuma mgonjwa akiwa amelala, na nyuma yake ndipo ulipo mlango. Akimwambia mwenzake kwa Kiswahili kwamba kidakatonge hakionekani, mwenzake hajui kama ni jana wodini au ni sasa hivi na mgonjwa anageuka rangi. Mimi ningeacha kidakatonge kibaki kwa kifuniko cha chini, ndicho kinachostahili jina la mdakaji, na nyama ya juu iwe kimio. Ningeomba pia hospitali ziulize kama kimio bado kipo, kwa sababu sehemu nyingi za Afrika Mashariki waganga wa jadi huwakata kimio watoto wanaokohoa, na kipimo cha Mallampati kinatafuta kitu ambacho kwa mtu kama huyo kilitupwa zamani.

Kipimo cha kuuma mdomo kilitoka Tehran mwaka 2003. Ni chepesi: uma mdomo wako wa juu kwa meno ya chini. Anayeufunika wote ana taya linalosogea mbele vizuri. Mama aliambiwa aume, akauma, na hakuna kilichoonekana, maana meno yake mawili ya mbele ya chini hayapo tangu usichana wake. Yaling'olewa, kama ilivyokuwa desturi ya Wakalenjin wa rika lake. Yule kijana alikuwa mgeni wa sehemu hizi na alidhani ni ajali. Mama akamweleza kile wazee walichokuwa wakieleza: pengo liliachwa ili mtu akipatwa na pepopunda, taya likakaza, maziwa yapate pa kupitia. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo wazee walikuwa wanaandaa njia." Hapo walielewana, yeye na mama, kuliko nilivyowahi kuona daktari na mgonjwa wakielewana. Wote wawili walikuwa watu wa kuandaa njia kabla haijafungwa.

Nilitaka kujua vipimo hivi vinaona mbali kiasi gani, na jibu lilinitia hofu. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 133 zenye watu 844,206. Kipimo cha mdomo, kilichofanya vizuri kuliko vyote, kiliwatambua takriban 67 katika kila watu 100 waliokuja kuwa na shida. Cha Mallampati takriban 53. Huko Denmark walipochunguza rekodi za wagonjwa 188,064, walipata 3,391 ambao paipu ilikuwa na shida kuingia. Kati ya hao, 3,154 hawakuwa wametabiriwa. Ni asilimia 93.

Kipo kinachozidi tochi na vidole. Ni swali: iliwahi kutokea? Mtu ambaye paipu ilikataa mara ya kwanza ana kila sababu ya kuwa na shida mara ya pili. Kwa swali hilo chombo cha kupimia ni mdomo wa mgonjwa, na usahihi wake unategemea neno alilopewa alipokuwa akitoka hospitali ya kwanza. Mama alipewa neno bovu. Sijui aliyempa alikuwa na haraka kiasi gani, wala simlaumu sana. Huenda alikuwa akitafuta Kiswahili usiku wa manane cha jambo ambalo amefundishwa kwa Kiingereza tu. Lakini lilikuwa bovu, na kwa miaka sita likageuka tabia ya mtu.

Ubovu wake uko wapi? Uko kwenye -gumu. Kwa Kiingereza chao madaktari huiita njia ya hewa "ngumu" na wao kwa wao wanaelewana. Sisi tukisema kitu ni kigumu tunakibana: ni kigumu kama mfupa, ni kigumu kama moyo wa Farao. Ugumu unakaa ndani ya kitu chenyewe na kukilaumu. Mgonjwa akisikia ana njia ngumu atadhani koo lake limekauka, au atadhani analaumiwa. Hewa nayo ina kasoro yake, maana hewa ni ya tairi pia. Pumzi ni ya mwenye uhai. Kwa hiyo ningeanza na njia ya pumzi. Halafu?

Jibu liko barabarani kwetu. Mvua za Aprili zinapokolea, barabara za udongo zinazoingia mashambani kutoka lami ya Cheptiret hufanya jambo ambalo kila mwendesha boda boda analitaja kwa neno moja: haipitiki. Hasemi barabara ni ngumu. Hasemi imekufa. Mtu kwa miguu anapita, ng'ombe anapita, pikipiki labda. Lori la maziwa halipiti. Kiambishi hiki -ika ni moja ya hazina kubwa za lugha hii. Kinasema jambo linawezekana au haliwezekani kufanyiwa kitu, bila kumbebesha mtu lawama. Haipitiki na nani? Kwa chombo gani? Saa ngapi? Yote yanabaki wazi, na ndivyo hasa mambo yalivyo mbele ya mtaalamu wa usingizi: shida si ya koo peke yake wala ya mkono peke yake, ni ya kukutana kwao siku ile kwa chombo kile.

Na vitenzi vyetu vinatupa zaidi. Njia inaweza kuwa inapumulika na isipitike. Ndiyo inaelekea ilikuwa hali ya mama katika upasuaji wa kwanza: barakoa ilitosha, paipu ikakataa. Inaweza kuwa inapitika lakini haipumuliki, kifua kimeshiba moshi. Inaweza kukosa yote mawili, na hapo zimebaki dakika. Kipimo cha bomba ni cha kupumulika. Kipimo cha tochi ni cha kupitika. Laiti yule muuguzi mwema angenijibu kwa maneno hayo mawili pale mlangoni, ningeelewa siku ile ile, bila kuchorewa karatasi.

Kwa njia isiyopitika kirahisi kuna namna ya kumlinda mtu. Mama hakupewa nusukaputi kwanza. Hilo nalo ni neno la kustaajabisha: nusu, na kaputi ambayo wengi wanaiona ni Kijerumani kilichoachwa Tanganyika, kitu kilichokwisha kazi, aliyeliunda alitazama mtu amelala mezani akaona amekufa nusu. Mama alitiwa ganzi kooni tu, akabaki macho, anapumua pumzi yake mwenyewe, na kamera nyembamba kama kamba ya viatu ikapitishwa puani taratibu mpaka wakauona mlango. Paipu ikafuata juu ya kamera. Ndipo wakamlaza. Anakumbuka sauti ikimwambia, "Mama, vuta pumzi pole pole, tuko pamoja," naye akavuta.

Siku ya kuruhusiwa, kijana alileta barua. Ilikuwa ya Kiingereza, sahihi na kamili, ya kuonyeshwa hospitali nyingine. Nikamwomba dakika kumi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake katika lugha anayoielewa inapowezekana, na hapa iliwezekana. Tulikuwa watatu, na wote tunasema Kiswahili. Tukaketi kwenye benchi la nje tukaandika upande wa nyuma wa ile barua. Yeye aliandika "njia ngumu ya hewa", nikaifuta. Mimi niliandika "njia ya pumzi isiyopitika kirahisi", yeye akaongeza "kwa paipu", maana bila hayo, alisema, mtu atadhani mama hapumui. Alikuwa sahihi. Tukaandika kwamba mara ya kwanza inaelekea barakoa ilitosha. Tukaandika kamera ya puani, akiwa macho. Tukamsomea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo si shingo?" Hapana, mama, si shingo. "Wala si ukaidi?" Kijana akacheka, akasema hilo hakulipima.

Karatasi iko ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi. Mwezi uliopita tulikwenda kuchunguzwa jicho, ambalo huenda likahitaji kupasuliwa, na msichana wa mapokezi akamuuliza kama ana tatizo lolote la kiafya wanalopaswa kulijua. Nilifungua mdomo nimsaidie. Mama akanigusa mkono ninyamaze, akaweka Biblia juu ya meza, akaifungua.

"Andika, binti yangu," alisema. "Pumzi inapita. Paipu ndiyo haipiti."